Viraka Kumi na Kimoja vya Mama Nukta

Mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, katika shule ya wasioona ilikuwa kuukuu, inagonga karatasi mpaka madirisha yanatetemeka, na shule haikuwa na nyingine. Aliyeisimamia ni mwanamke mmoja mkavu wa maneno, watoto wakamwita Mama Nukta. Kompyuta yake ilitumia mfumo endeshi huria, ule unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia kwa kujitolea, wala hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Jumatatu asubuhi akafungua barua pepe kutoka kwa watunzaji wa mfumo huo, kuhusu kiendeshi, ile programu ndogo ambayo kompyuta huitumia kuiamuru mashine. "Kiendeshi cha mashine hii hakijalalamikiwa kwa miaka sita," waliandika. "Inaonekana hakuna anayekitumia. Asipojitokeza mtu, tunakifuta Ijumaa."

"Hakuna anayekitumia!" akafoka. "Na mimi ni nani, pazia?"

Mdogo wake, mwalimu wa shule hiyohiyo, asiyeona tangu kuzaliwa, alikuwa amekaa pembeni akipitisha vidole kwenye karatasi za mtihani. Kila kilichotoka mashineni alikikagua yeye. "Kwani dada, uliwahi kuwalalamikia?"

Kwa miaka sita, hata mara moja. Na mimi simtetei. Zamani aliwahi kuwatumia kiraka, yaani mistari michache ya kurekebisha kosa. Mtunzaji mmoja akamrudishia mbele ya kadamnasi, eti ameacha nafasi nne mwanzoni mwa mstari pale panapotakiwa nane. Hata asante hakuna! Akambatiza Bwana Nafasi, akasusa. Tangu hapo kila kosa alilogundua alilirekebisha kwenye kompyuta yake mwenyewe, akanyamaza. Yalifika kumi na moja. Huko nje wakaona kimya, wakadhani kiendeshi kimekufa. Na likizo ikifika kompyuta zote za shule zingewekewa toleo jipya. Bila kiendeshi mashine ingegeuka chuma chakavu, na watoto mia na ishirini wasingekuwa na cha kusoma.

"Piga ua, hakifutwi," akasema, akavuta kiti.

Siku hiyohiyo akatuma marekebisho yote kwa mkupuo. Haikupita saa, Bwana Nafasi huyo: "Nani atasoma lundo hili? Kosa moja, kiraka kimoja. Eleza kila kimoja kinatibu nini. Na nani amekijaribu?"

"Ana mdomo huyu!" Mama Nukta akasonya. Aliposoma mara ya pili akaona jamaa ana haki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Basi akajifunga kibwebwe. Jumanne na Jumatano ikawa kazi ni hiyo: anaondoa marekebisho yote, anarudisha moja tu, anachapa ukurasa, anampa mdogo wake.

"Nukta ya tatu, mstari wa pili, haipo."

"Na sasa?"

"Ipo. Tuma."

Chini ya kila kiraka akaandika jina la mdogo wake kama mjaribu, na pembeni: kwa vidole. Alhamisi, viraka sita vikarudishwa. Nafasi! Mama Nukta akacheka kwa hasira, akazihesabu moja moja huku ameegemeza rula kwenye kioo. "Nane hizo, baba. Zihesabu mpaka uchoke."

Ijumaa asubuhi jibu likaja: "Nimevipokea vyote kumi na kimoja. Kiendeshi kinabaki, ila lazima kiwe na mtu wa kuulizwa. Niandike nani? Na huyo wa vidole, mpe asante zangu." Mama Nukta akaandika jina lake kamili na anwani.

Toleo jipya lilipotoka, barua ya kwanza ikamfikia. Ilitoka kwa mwalimu mmoja wa nchi ya mbali, mwenye mashine kama ile. Akamsomea mdogo wake kwa sauti: "Yetu ilikuwa inaruka nukta moja kila mstari wa pili. Sikujua nimwambie nani. Kwa miaka mitano nimekuwa nikiitoboa kwa sindano, ukurasa kwa ukurasa, kabla watoto hawajaingia darasani. Leo imetoka yenyewe."

Kosa hilo ndilo alilolirekebisha kwanza kabisa, mwaka ule aliosusa.

Vidole vya mdogo wake vikasimama juu ya karatasi. "Miaka mitano, dada."

"Nimesikia."

Akajifuta machozi kwa mkono wa gauni, akaandika: "Nisamehe, mwalimu. Dawa yake nilikuwa nayo, nikaikalia. Kama kuna jingine linalokusumbua, niambie leo hii."

Jibu lilifika kabla ya chakula cha mchana. Yalikuwepo matatu.

"Weka karatasi," Mama Nukta akamwambia mdogo wake.