Mifuko Arobaini Upande Usio Wake

Saa mbili asubuhi, Jumapili, na kanisani hakuna anayeimba. Vyerehani sita vimepangwa kati ya mabenchi. Wanakwaya ishirini wameinamisha shingo, wanafumua mifuko ya mashati ya shule.

"Taratibu! Fumueni uzi, msinichanie kitambaa!" anaonya Mama Chaki, fundi cherehani wa miaka hamsini na minne. Mkono wake wa kulia umelala mapajani kama wa kuazima.

Ulipooza miezi mitano iliyopita. Kabla ya hapo alimaliza mashati manane kwa siku. Sasa hata kifungo kinamshinda. Miaka kumi na minane amewashonea sare shule ya jirani, na safari hii mwalimu mkuu hakupepesa macho: mashati arobaini Jumatatu asubuhi, la sivyo kazi inakwenda kiwandani.

"Watu niliwaambia naendelea vizuri," anasema. "Kweli niliendelea. Kulala na njaa."

Tusidanganyane. Kanisa hilihili, miaka kumi na miwili iliyopita, mwashi alianguka akilijengea mnara. Aliombewa mara tatu kwenye kipaza sauti, kisha akaachwa afe chumbani kwake. Upendo ulikuwa na mdomo, miguu haukuwa nayo.

Mjane wake ndiye kiongozi wa kwaya leo, wanamwita Sauti ya Pili. Ndiye aliyebisha hodi kwa Mama Chaki wiki iliyopita, akakuta vipande vya mashati vimekatwa kwa mkono wa kushoto, vimerundikwa.

"Sikumuuliza tumwombee nini," anasema. "Nilimuuliza cherehani kiko wapi."

Kwaya ikashona Jumamosi nzima. Lakini joho lao lina mfuko wa kitabu cha nyimbo upande wa kulia, na mikono ikafuata mazoea. Mifuko yote arobaini, kulia badala ya kushoto!

"Wangedhani shule nzima ni kwaya," Mama Chaki anacheka hadi machozi.

Mzee wa kanisa anaingia, anaona vyerehani, anafoka: "Mama, Jumapili tunashona?"

"Mzee wangu," Sauti ya Pili anamjibu bila kuinua macho, "njaa ya dada yetu nayo inapumzika Jumapili?"

Mzee anakohoa. Anavua koti. "Wembe uko wapi?"

Saa tisa alasiri, shati la arobaini linapigwa pasi. Vigelegele vinapanda hadi darini.

Jumatatu, mwalimu mkuu anageuza mashati nje ndani akitafuta kasoro. Anakosa. "Muhula ujao, sitini," anasema.

Sasa Mama Chaki anawafundisha wanakwaya kushona kola kila Jumamosi, na kila anayeshona atapata ujira wake. "Kola ya kwanza ya Sauti ya Pili ingemtosha twiga," anasema, "lakini atafika."

Mlangoni kwake, mchora vibao anauliza aandike jina gani la duka.

"Andika Mama Chaki na Nduguze," anaagiza. "Herufi kubwa, baba. Wasome hata wa ng'ambo ya barabara."