Mke wa Jina la Vita

Siku ya tatu ya msiba wa mume wangu, bwana mmoja mwenye suti alinikabidhi kikombe kichafu jikoni kwangu mwenyewe, akaniuliza mama mwenye nyumba yuko wapi. Nikamwambia ndiye huyu anayeosha vikombe. Akacheka, akadhani natania, akarudi sebuleni.

Simlaumu sana. Huku Afrika Kusini mtu akifa, kitanda hutolewa chumbani, godoro linawekwa chini, na mjane anakaa juu yake, kajifunika blanketi, mpaka siku ya kuzika. Anayekuja kutoa pole humfuata hapo, anapiga magoti, anamshika mkono. Ukitaka kujua mke ni nani, huulizi mtu, unatazama godoroni. Na godoroni alikuwa amekaa wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Alifika kutoka kijijini kwao Natal na vikongwe wenzake wanne, akapita sebuleni bila kunisalimia, akakaa.

"Mdogo wangu hakuoa," aliwaambia watu. "Hakuna mzee wetu aliyetumwa kwenda kuposa. Huyu ni mgeni tu, alikuja naye kutoka vitani."

Mgeni! Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilishapewa zamani, na shamba nimelima mpaka mgongo umepinda. Lakini ningebishana na nani? Kizulu changu ni cha sokoni, na mtu mzima hawezi kugombea godoro kwa lugha ya kununulia nyanya. Nikabaki jikoni.

Nilikutana naye Morogoro. Yeye alikuwa mpigania uhuru, ameletwa kutoka kambini na kipande cha chuma kwenye paja, na mimi nilikuwa nafunga vidonda hospitalini. Marehemu baba aliposikia habari zetu alisema, "Mwanangu, mtu huyu kwao hukujui, dini yake siyo yako, na hata jina lake huna hakika nalo." La dini lilikuwa kweli. La jina nilidhani ni hasira za mzazi. Tukafunga ndoa ya bomani, mashahidi wapiganaji wawili wenzake, chai na maandazi, basi.

Ndani ya ndege ya kuja huku, vita vimekwisha na wao wameruhusiwa kurudi kwao, ndipo aliponiambia kwamba jina lililo kwenye cheti chetu cha ndoa ni jina la vita. Wote walikuwa na majina hayo, ili mmoja akikamatwa ndugu zake nyumbani wasisumbuliwe. Hata wale mashahidi wetu walitia sahihi kwa majina ya vita. Nilicheka mpaka mhudumu akaja kunitazama, halafu nikalia. Aliniacha nikalia, kisha akasema, "Jina lile liache Morogoro. Nyumbani kwetu usilitaje kabisa." Nikafikiri ni mambo ya usalama, wapiganaji wana siri zao. Tangu siku hiyo nikamwita Mwenzangu, kwa sababu lile jipya la kwenye kitambulisho halikunikaa mdomoni. Nililionea aibu, kama vile namwita mume wa mtu.

Huku akachaguliwa kuingia bunge la jimbo, akachaguliwa tena, na tena. Kila asubuhi kabla hajavaa tai, getini kwetu, mtaa wa Turffontein, walikuwa wameshajipanga wapiganaji wa zamani, wengine na magongo, wengine na bahasha. Shida yao kubwa ilikuwa majina. Kwenye orodha ya kambi mtu ni huyu, kwenye kitambulisho ni yule, na nyumba ya serikali haitoki mpaka hao wawili wathibitishwe kuwa mtu mmoja. Mume wangu aliwaandikia viapo hapohapo, kwenye boneti ya gari, mimi nikiwapa chai.

Siku moja nilikwenda kumsikiliza bungeni, nikakaa kule juu kwa watazamaji. Alisimama kuwasemea watu hao, akaeleza taratibu, hana haraka, mpaka wapinzani wake wakaacha minong'ono. Mimi nikapiga makofi. Kumbe hairuhusiwi! Askari akaja kuniambia nitulie, na yeye kule chini akainua macho, akanitambua, akatabasamu. Nyumbani nikamwambia, "Mheshimiwa, na mimi nina kesi ya jina."

"Kesho, Mwenzangu," akasema.

Kesho yake ikawa kesho kutwa, ikawa baada ya uchaguzi, ikawa baada ya bajeti. Kinyozi hajinyoi. Cheti kikabaki kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo na risiti za friji. Nilimgombeza, tena kwa maneno makali, na yeye ambaye alikuwa hodari wa kujibu hoja za wabunge wazima, kwa hili alikuwa anatoka nje kumwagilia mchicha. Ningejua kwa nini, labda nisingemgombeza vile.

Hatukujaliwa mtoto. Jumamosi alikuwa kwenye mazishi ya wenzake, maana wapiganaji wakishaanza kuzeeka hufa kwa zamu, na mimi nilibaki na kipaza sauti cha uwanja wa jirani wa mbio za farasi kikitangaza farasi nisiowajua. Watu hudhani mke wa mbunge ana watu wengi. Watu walikuwa wa mbunge. Ijumaa nilikwenda kuswali msikiti wa Mayfair, nikitoka napanda teksi hadi soko la Yeoville kununua dagaa nisiowahitaji, ilimradi tu nimsikie yule mama Mkongo akinipigia kelele, "Mama, iko muzuri, kamata!" Kilikuwa Kiswahili cha kuchekesha, lakini kilinishusha pumzi.

Jioni ndiyo ilikuwa yangu. Alivua suti, akafua shati lake mwenyewe kwenye karai kama kambini, akasema Kiswahili chake kibovu cha kijeshi: "Kiti yangu iko wapi?" Maharage hakula hata siku moja, alidai alishakula ya maisha yote. Nimemrekebisha ile "kiti yangu" miaka na miaka, na leo natoa roho yangu niisikie tena mara moja.

Alikufa asubuhi, kiatu kimoja kimevaliwa, kingine kiko mkononi. Moyo, walisema. Kufika adhuhuri picha yake ilikuwa imeshazunguka WhatsApp, na nyumba imejaa watu waliokuwa wakizungumza juu ya kichwa changu.

Yule bwana wa suti, kumbe, alikuwa afisa wa itifaki. Alirudi siku ya nne kuandika majina ya familia kwa ajili ya kijitabu cha mazishi, na mtu mmoja getini alikuwa amemnong'oneza kwamba mpika chai ndiye mke. Alitahayari, maskini. Akaniomba cheti cha ndoa. Nikafungua kopo la biskuti, nikampelekea chumbani, maana alitaka tukubaliane mbele ya wifi.

Akakisoma. Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele.

"Mama, huyu siye Mheshimiwa."

Nikamweleza. Akaniuliza mashahidi wako wapi. Mmoja amekufa, nikasema, na mwingine sijui hata nimtafute kwa jina gani. Bwana yule hakuwa mbaya. Akanirudishia cheti, akasema, "Eish, Mama, mimi siwezi kuandika kitu ambacho karatasi inakikanusha." Na ili wazee wa pale godoroni wahakikishe hajanionea, akakichukua tena, akasoma jina lile kwa sauti, lote, la kwanza na la pili, la ukoo halikuwamo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko cha wifi. Hakikuja.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Vikongwe wale wakaziba midomo kwa viganja, mmoja akaanza kusali. Wifi akawatoa wote nje, na afisa pia. Tulibaki wawili, yeye godoroni, mimi nimesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo.

Alizungumza polepole ili nimwelewe. Walikuwa watatu kwao. Wa mwisho alikuwa mtoto wa kiume, akilala blanketi moja na mume wangu, na alikufa kwa surua kabla hajatimiza miaka minne. Jina lile la kwenye cheti lilikuwa lake. "Nilikuwa nimembeba mgongoni, nampeleka kliniki," alisema. "Nilitembea naye njia nzima namwimbia. Sikujua." Mama yao akakataza jina lile lisitamkwe tena nyumbani. Na halikutamkwa, mpaka leo hii alipolisoma mtu mgeni.

Hasira zikaniisha mwilini. Nikamwonea uchungu Mwenzangu, pale nje na ndoo yake ya kumwagilia mchicha, nami dirishani namtolea maneno. Cheti asingeweza kukirekebisha bila kulitaja jina mbele ya karani, na baada ya karani, mbele ya huyu dada.

Wifi akanyoosha mkono nikampa karatasi. Kusoma hajui. Akapitisha kidole juu ya maandishi, mstari kwa mstari, akaniuliza kila mahali pameandikwa nini, na mimi nikachuchumaa kumsomea. Hapa umri, nikamwambia. Hapa kazi, wamemwandika mwalimu.

"Mwalimu," alisema. Kidole chake kikabaki pale pale. "Kwa hiyo alikua?"

"Alikua, dada."

"Akaoa?"

Nikaweka kidole changu kando ya chake, penye jina langu.

"Akaoa," nikasema. "Alinioa mimi."

Alinitazama usoni muda mrefu. Kisha akasogea ukutani na kuinua blanketi upande wangu.