Vigingi vya Stesheni

Siku hizi wajukuu zangu wanavaa viatu, wanapanda gari la moshi pale Moshi, wanashuka na kutembea hadi Duluti kutazama ziwa. Kutazama tu! Hawafui, hawateki, hawaleti hata mtungi. Wanarudi eti wamechoka. Mimi nimekaa jirani na maji yale tangu niolewe na sijawahi kusimama nikiyashangaa.

Ujinga huu ulianza zamani, wakati wa Mjerumani, reli ilipokuwa imefika Moshi na kuishia hapo. Aliyetuletea ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume alipokufa, shemeji alitaka kunirithi. Nikakataa mbele ya wazee, nikabaki na watoto wangu wawili na kihamba chetu cha migomba. Kaburi la mume wangu liko humo humo.

Basi akaenda zake kubeba mizigo ya Wazungu. Aliporudi alikuwa na kofia nyekundu na maneno mengi. Alikuwa amepanda gari la moshi kutoka Tanga, kwenye behewa lisilo na paa, na cheche zilikuwa zimemtoboa shuka kama chekeche. Lakini mwenyewe alisimulia kama aliyeposwa na gavana. Kengele ya stesheni ya Moshi aliiga kwa mdomo, nge nge nge, mtu mzima hovyo. Nilimsonya, akaendelea.

Mwezi ule ule akaja na Mzungu mpimaji na askari mmoja. Mpimaji akasema reli itafika huku, na wageni watakuja kutoka Tanga kuona ziwa, kwa hiyo stesheni lazima iwe karibu. Akauliza wapi pana tambarare. Shemeji akanyoosha kidole kwenye kihamba changu.

"Shemeji," nikamwambia, "umekosa pengine pote?"

"Ni amri, shemeji. Si mimi."

Si yeye! Kidole kilikuwa cha nani?

Akatumwa akate vigingi. Kwa uvivu wake hakupanda mlimani kutafuta mti mgumu. Aliteremka mtoni akakata ule mti wetu wa kuzungushia ua, ambao kila Mmeru anajua ukichomeka kijiti chake, masika hayaishi kabla hakijatoa majani. Akakata pengo dogo kwenye kila kimoja, pale kitakapokutana na udongo, ili avitambue, akavipigilia kukatiza migomba yangu na kulipita kaburi. Kofia ilikuwa imemsahaulisha kwao. Mimi niliona, nikanyamaza. Askari akatangaza: atakayeng'oa kigingi atachapwa hamsa ishirini.

Sikung'oa hata kimoja. Mimi mtu wa kutii. Walipoondoka tu nilikata vijiti vya mti ule ule nikachomeka kati ya vigingi, na pembeni, na kuzunguka kaburi, na mpaka kwa jirani. Nikavimwagilia. Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule.

Mpimaji aliporudi na askari wake alikuta ua. Mzuri, wa kijani, mbuzi wangu wakiula. Alizunguka na karatasi yake, uso umemwiva. Mwisho akamwita shemeji.

"Ulivikata wewe. Vyangu ni vipi?"

Shemeji akachutama. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimesahau lile pengo. Akapitisha kidole chini kwenye shina moja, kidole kikaingia kwenye pengo, nikakiona kinaingia. Akainua macho akanitazama. Nikajua kihamba kimekwenda.

Akasimama, akavua kofia.

"Sivijui, Bwana."

Wakamlaza pale pale, mbele ya kaburi la kaka yake. Nilisikia fimbo zote ishirini na tano. Mpimaji akasema atarudi na vigingi vya chuma kutoka Moshi. Vita vikaja kabla ya vyuma, Mjerumani akaenda, na reli ya Mwingereza ilipokuja baadaye ilipita mbali na migomba yangu.

Shemeji hakusema neno kuhusu siku ile, wala mimi. Alilala kifudifudi siku nyingi. Nilifika mlangoni kwake na kibuyu cha maziwa, nikamsikia ndani anamwigia mtu kengele ya stesheni, nge nge nge, mgongo umechanika vile. Nikakasirika, nikakiweka kibuyu chini, nikaondoka bila kubisha. Tukazeeka hivyo, yeye na porojo zake, mimi na kusonya kwangu. Asante haikunitoka.

Alipozikwa nilikata kijiti kutoka kwenye ua, nikakata pengo chini yake, nikakichomeka kichwani pa kaburi. Watu wakadhani bibi kizee amechanganyikiwa. Kimeshika. Kila masika nakwenda kukipogoa mwenyewe, namwambia alikuwa mjinga, halafu nakaa naye mpaka jua linachwea.