Waliofumbua Macho

Mtaani walimwita Mama Kidevu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama katika studio yake ya picha za pasipoti, chumba chenye kigoda kimoja, pazia jeupe na kioo cha kuchania nywele, akiwaambia wateja maneno yale yale: inua kidevu, onyesha masikio, usicheke, usifumbe macho. Aliyefumba alipigwa tena kabla hajainuka, na picha mbovu ikafutwa papo hapo. Kidole chake kilikuwa chepesi kufuta kuliko hata kupiga.

Alipotimiza miaka arobaini na sita akajiandikisha chuo cha kanisa kusomea upigaji picha. Wifi yake alicheka akashika mbavu.

"Wifi, kubonyeza kitufe nako kunasomewa?"

"Kunasomewa. Aliyekupiga picha ya harusi angesoma, usingekosa kichwa."

Na chuo chenyewe si cha mchezo. Pale hata mpiga picha anasoma Agano Jipya, historia na uimbaji, na Mama Kidevu aliimba kwa sauti yake ya kukwaruza bila kumwonea mtu haya. Wenzake darasani walikuwa rika la wanawe. Kwenye kazi ya mikono aliwaacha mbali. Kilichomsumbua ni kimoja tu, na mwalimu wao, dada wa miaka thelathini na kitu, hakuchoka kukisema: "Mama, picha zako ni safi, lakini watu wako wote wanakaa kama wanaomba viza."

Ikaja kazi ya mwisho: picha saba, mada "Watu Wakiomba," zitundikwe ukumbini siku ya Ijumaa mbele ya mwalimu na mchungaji wa chuo. Bila hizo hakuna cheti, na miaka mitatu inakwenda na maji. Chuo kizima hukusanyika kanisani Jumatano asubuhi, na Jumatano hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye muhula.

Mama Kidevu alipiga picha zaidi ya mia mbili. Ibada ilipokwisha akaketi kwenye ngazi za kanisa, akaanza kuzipitia huku anamsimulia mwenzake habari za bei ya karatasi. Huyu kafumba, futa. Huyu naye kafumba, futa. Mdomo unaongea, kidole kinafanya kazi kiliyoizoea. Mchana akaenda studio, akapiga wateja wake kwa kadi ile ile ya kamera.

Alhamisi asubuhi, kwenye chumba cha kompyuta, ndipo alipoona alichofanya. Za ibada zilikuwa zimebaki picha saba tu, na zilizofutwa hazirudishiki, kwa kuwa picha za wateja zimeandikwa juu yake. Waliokuwa wakiomba amewafuta wote, wamebaki wale waliokodoa macho wakati wenzao wanaomba. Akazihesabu tena, saba zile zile.

"Mama, sema kamera iliharibika," mwenzake alimnong'oneza.

"Kamera yangu ni nzima. Mimi ndiye niliyeboronga, na siisingizii." Akazichapisha zote saba, akajitanda khanga yake, akatoka kuwatafuta wenyewe mmoja mmoja.

Kila mmoja aliulizwa mambo mawili: kama anaruhusu picha itundikwe, na alikuwa anatazama nini. Mpishi wa chuo alicheka mpaka machozi. "Mwanangu, nilikuwa naangalia mlango wa jikoni. Nilisahau kama nimezima moto." Msichana wa mwaka wa kwanza alikuwa anamtazama aliyegombana naye, aone kama na yeye amefumbua. Profesa wa somo la Kigiriki, aliyefiwa na mkewe mwaka ule, aliishika picha muda mrefu. "Nilikuwa naangalia kiti cha pembeni yangu," alisema. "Bado nakiangalia." Mama Kidevu aliyaandika maneno yale chini ya picha kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Wa saba alikuwa mchungaji wa chuo mwenyewe, yuko madhabahuni, mikono juu, midomo wazi kwa maombi, na macho hayo yamefumbuka. Mama Kidevu alipiga moyo konde, akabisha mlango wa ofisi.

"Shikamoo, mchungaji. Nimekukamata." Akamwuliza yale yale mawili.

Mchungaji aliitazama picha, akaitika salamu, akamrudishia. "Itundike, mama. Lakini swali lako la pili sitalijibu leo."

Ijumaa picha zikatundikwa, sita zina maneno chini, ya saba haina kitu. Mama Kidevu alisimama wima, akaeleza kosa lake lote kuanzia kwenye ngazi, bila kupunguza. Kisha akasema, "Mwalimu, uliniambia watu wangu wote wanaomba viza. Watazame hawa. Mimi nasema nao walikuwa wakiomba." Mwalimu alizipitia taratibu, akarudi kwenye picha ya profesa, akasimama hapo. Halafu akaifikia ya mwisho.

"Hii mbona haina maneno?"

Mama Kidevu alimtazama mchungaji, naye akavua miwani.

"Miaka kumi na tisa nasimama pale nawaombea watu," alisema. "Jumatano nilifumbua macho nione kama kuna anayeniombea mimi."

Mwalimu aliinamia karatasi yake ya alama, akaandika, na kalamu haikusita. Mama Kidevu hata hakuichungulia. Alivuka ukumbi mpaka alipoketi mchungaji, akavuta kiti, akaketi karibu yake.

"Jina lako la utotoni nani, mchungaji?" aliuliza. "Nataka nianze leo."