Kichwa Kimoja, Mkono Mmoja

Penina alipofungua saluni yake Makole, Dodoma, mji ulikuwa bado na subira. Mwanamke aliingia asubuhi, akavua viatu, akaketi mkekani, akasukwa mpaka jua likageuka. Katikati ya kazi chai ililetwa, karanga zikamenywa, habari za nyumbani Kongwa na za ndoa za watu zikamalizwa. Akiondoka, alikuwa ametengenezwa nywele na moyo pia.

Sheria ya saluni ilikuwa moja, na Penina alitoka nayo Mlali, kwa mama yake Loisi, aliyewasuka wanawake wa kijiji kizima. Loisi alimbana bintiye katikati ya magoti, akamwambia, "Kichwa kimoja, mkono mmoja. Wakisuka wawili, huyu atakaza, yule atalegeza. Kichwa kimsikilize nani?" Penina alisadiki. Hata miaka mingi baada ya kumzika mama yake, kila aliposhika kitana aliyahisi yale magoti mabegani.

Kisha serikali ikahamia Dodoma, na mji ukajaa watu wanaotazama saa. Kwenye saluni za jirani, wasusi watatu walikivamia kichwa kimoja kama siafu, na rasta za kutwa nzima zikaisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa Penina viti vilikuwa vinne, vitatu vikipigwa na vumbi. Wateja walichungulia, wakauliza kazi itachukua muda gani, wakaenda zao.

"Waache waende," alisema. "Wanaojua kazi watarudi."

Waliorudi walikuwa wachache. Aliyeumia zaidi ni Violeth, msusi wake wa miaka sita, binti mwenye vidole vyepesi, ambaye sasa alishinda mlangoni akitazama pikipiki zikipita. Ijumaa moja jioni alimwambia Penina, macho chini, "Mama Denis, kuna saluni mpya Ilazo wananiita. Wanataka jibu Jumatatu."

"Sawa, mwanangu," Penina alijibu. Tangu masika vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinakakamaa. Bila Violeth, saluni ingefungwa.

Kesho yake asubuhi akaingia Paskazia, karani wa wizarani, mteja wa tangu zamani.

"Shikamoo, Mama Denis. Leo usinisimulie habari ya mtu, nisuke tu! Treni yangu ni saa nane. Kesho tunamwoza mdogo wangu Dar."

"Marahaba. Kaa, bibi harusi wa pili."

Kufika saa tano, upande wa kushoto ulikuwa umekwisha na vidole vimegoma. Penina alivisugua kwa mafuta, akavikunja, akavikunjua. Wapi!

"Mama Denis, nikienda harusini na upande mmoja watasema nimegombana na msusi."

"Waambie ndio mtindo wa Dodoma."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kwenye kioo Penina alimwona Violeth amesimama, mikono nyuma. Hakuthubutu kuomba, sheria aliijua. Na ghafla Penina akajiona mwenyewe Mlali, msichana wa miaka kumi na mitano, amesimama vilevile nyuma ya mama yake, akingoja kuitwa na haitwi. Katika kumbukumbu zote tamu alizozitunza, hiyo alikuwa ameisahau. Siku hizo alikuwa akienda kulia nyuma ya ghala.

"Violeth."

"Abee."

"Shika kulia. Ukaze kama mimi."

Violeth akasogea, lakini akasita. "Mama Denis, wewe unakaza mno. Wateja wanalala macho wazi."

"Kweli kabisa!" Paskazia akadakia. "Miaka yote hii nimenyamaza kwa heshima tu."

Hakuna aliyewahi kumwambia Penina hivyo. Akashika fungu la nywele kwa ncha za vidole. "Basi leo mimi ndiye nitakayelegeza. Unifuate, au nikufuate, sijui. Tuanze."

Saa saba kasoro Paskazia alitoka mbio, akijitazama kwenye kila kioo cha gari. Violeth akaanza kufagia, polepole kuliko kawaida.

"Wale wa Ilazo niwaambie nini?"

"Waambie nimekuomba ubaki," alisema Penina. Kwa kuwa hakuwahi kumwomba msusi wake kitu, aligeuka upesi, akaanza kufuta dirisha lililokuwa safi.

"Nitabaki," alisema Violeth. "Ila Jumatatu tukishika kichwa pamoja, upande wa karibu na feni ni wangu."