Tuzo la Profesa

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mtihani wa mwisho wa shahada yangu ya uzamili ya muziki ulifanyika hapa kwetu Tanga, kwenye ukumbi mmoja wa Chumbageni. Fidla begani, kipande cha klasiki nikakimaliza salama. Nikaingia kwenye jazi, na nje ya dirisha lililokuwa nyuma yangu muuza kahawa akawa anagonga vikombe vyake. Vikaingia kwenye mdundo hasa, mori ukanipanda.

Mara profesa, mama mtu mzima aliyekuja kunipima, akainuka na noti mkononi, akaja mbele akiipunga. Mimi nimekulia kwenye taarabu. Kwetu mtu akimjia mpiga fidla na noti, anakuja kumtuza. Nikamwinamia kwa adabu, nikaibana noti kwa vidole vilivyoshika upinde wa fidla, nikaendelea kupiga huku inapepea. Mama yangu, aliyekuja kunisikiliza, akapiga kigelegele. Profesa akaivuta. Nikadhani ananitania, nami nikaivuta.

Akaninong'oneza, "Mwanangu, niachie. Hiyo ya kahawa."

Nyuma yangu dirishani sauti ikauliza, "Mama, na kashata niweke?"