Salamu za Mtani Mgonjwa

Juzi stesheni ya Tabora niliketi jirani na bibi mmoja na mjukuu wake, binti wa sekondari. Mtani wa bibi, Mzaramo wa Dar, alikuwa anaumwa, na binti aliiomba akili mnemba ya kwenye simu imtungie salamu. Akamsomea bibi: "Tunakuombea afya njema katika kipindi hiki kigumu."

Bibi akamdaka mkono. "Usitume! Mtani wangu akiona adabu hiyo atajua anakufa kweli."

Binti akacheka, akafuta yote, akaandika mwenyewe huku akisoma kwa sauti: "Mtani, usife kwanza. Sisi Wanyamwezi tulishachoka kubeba mizigo, na wewe ni mzito."

Bibi akajipiga kofi pajani. "Sasa hapo umeandika!"

Simu ile imefundishwa adabu za dunia nzima. Maskini, haina mtani hata mmoja.